Plake Niliyoibeba Mpaka kwa Mama Veronika

Kila mutu anayekuja kukaa kwenye baraza yangu hapa Bihambwe anauliza kitu kimoja: "Bauma, ile plake iko wapi?" Papa Kalinda ameuliza mara tatu, na mara ya tatu alicheka mbele ya kumaliza swali. Basi nimenunua kaye na biki. Naandika yote mara moja, mwenye kutaka asome, na mwenye kucheka acheke kwake nyumbani.

Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa primere, kila mutu anajua. Lakini munajua vilevile nilipofika. Nilianza na chukudu, ile baiskeli ya mbao, ya mutu mwingine, nikishusha makala mpaka Sake. Kisha chukudu yangu mwenyewe. Kisha pikipiki, kisha lori, na leo lori ni mbili. Nyumba yangu ni ya simenti, vyumba nane, na hapa Bihambwe hakuna ingine inayoifikia. Hakuna mutu alinishika mukono. Hata diplome zenu zinakujaka kwangu kuomba maharagi.

Safari hii ilianzia kwa Papa Sadiki. Ni mukubwa wa komite ya pori kule Ndarumanga, ndani ya Walikale, mutu mufupi mwenye sauti ya chini. Alikuja depo kwangu kutafuta mbegu, akaketi juu ya mufuko, akanieleza shida yao. Kijiji chao kilikubaliana kuacha pori yao bila kukata, nyama wapite, maji ibaki. Lakini katikati kabisa ya hiyo pori iko shamba ya mutu, shamba ya mama mujane anayeitwa Veronika. Watu wa proje walikuja kumuomba auze, aliwakatalia. Alisema yeye haiuzii ofisi. Na sasa amezeeka, na wapwa wa bwana yake wanangojea tu siku atakayokufa ili waipatie watu wa mbao. Watu wa mbao wakiingia katikati, watafungua njia, na pori yote imekwisha.

"Basi nitainunua mimi," nilisema. "Mimi si ofisi. Nitainunua, nitaiacha pori."

"Weye? Juu ya nini?"

Sikumujibu vizuri. Lakini nyinyi munajua tangu Mama Nyota, bibi yangu, alipokufa, na watoto watatu wakakaa Goma, hii nyumba inafanya sauti ya sufuria tupu. Niliwaza: pori ile itabaki na jina yangu. Nikaenda kwa fundi wa vyuma, akanitengenezea plake, kibao cha chuma, urefu wa mukono wangu na zaidi, rangi ya kijani, herufi nyeupe: PORI YA PAPA BAUMA. Niliangalia ile kazi nikaona nimekwisha kufika mbele ya kuondoka.

Bihambwe mpaka Lushebere

Dereva wangu alikuwa Dunia, munamujua, ule mwenye ndevu nusu nyeupe anayeendesha pikipiki tangu vita ya kwanza. Aliangalia plake, akazunguka pikipiki yake mara mbili.

"Papa Bauma, hii si muzigo. Hii ni bawa. Upepo ikitushika kwenye mulima, tutafika Walikale mbele ya pikipiki."

Tuliifunga nyuma yangu kwa kamba ya mupira. Kweli, kila mara tukifika mahali pa wazi upepo unaingia, pikipiki inavutwa pembeni, na Dunia anatukana kwa Kinyarwanda kwa sauti ya kusali.

Karibu na Lushebere gurudumu ilitoboka. Dunia akaenda kutafuta mwenye kuziba. Mimi niliegemeza plake kwenye ukuta wa kibanda, karibu na njia inayoingia kambi ya wakimbizi, nikaenda kununua ndizi za kuchoma kwa mama mumoja ng'ambo ya barabara. Niliporudi nilikuta mustari. Wanawake kama makumi mbili na muzee mumoja wamejipanga mbele ya plake, wengine na karte zao za msaada mukononi. Wa mbele alikuwa na mutoto mugongoni.

"Papa, munaanza kuandikisha saa ngapi?"

"Mama, mimi si proje."

"Na hii plake?"

"Ni yangu."

"Inasema nini?"

"Inasema jina yangu."

Aliniangalia, akaangalia plake. "Jina yako tu?"

"Jina yangu na pori."

"Pori iko wapi?"

"Walikale."

Aligeuka akawaambia wa nyuma, bila hasira, "Ni jina yake tu." Ule mustari ukavunjika kimya. Kila mutu akarudi kwenye moto wake, wawili watatu kwa sufuria moja, na nikasikia wanaanza tena hadithi waliyoikatiza. Ningependa wanitukane. Nilibaki nimesimama na ndizi ine mukononi, na hakukuwa mutu wa kumupatia hata moja. Dunia alipokuja alikula mbili, akasema hazijaiva.

Nyabiondo

Tulipita Masisi senta bila kusimama, mvua ikatukuta njiani, tukaingia Nyabiondo tumelowa mpaka mifupa. Dunia iko na dada yake pale, akaenda kulala kule. Alinialika kwa mudomo tu, nikaona, nikakataa. Nikapata chumba kwa mama mumoja mwenye kupika, mama munene wa kusema sana.

Ndani ya nyumba yake ya kulia chakula kulikuwa meza moja na viti viwili. Sikutaka kuacha plake nje, basi niliisimamisha juu ya kiti cha pili. Alileta bugali na sombe, majani ya mihogo yenye mawese na samaki kavu, akaweka mbele yangu, akatazama kiti.

"Na mwenzako hakuli?"

"Iko na tumbo ya chuma."

Alicheka mpaka akaketi kwenye benchi ya mulangoni. Kisha akauliza mambo ambayo wamama wanaulizaka: bibi iko wapi, watoto wangapi, juu ya nini mutu mukubwa kama mimi ninasafiri peke yangu na chuma. Nilimuambia bibi alikufa. Aliacha kucheka. Akaniongezea sombe bila kuuliza, na hiyo iliniumiza kuliko maswali.

Asubuhi nilipanda kilima nyuma ya soko, mahali wanaposema rezo ya simu inapatikana, kumupigia kijana yangu mukubwa Goma. Nilitaka kumuambia niko njiani kununua pori. Alishika.

"Papa, niko ku kazi. Nitakurudilia."

Nilikaa juu ya jiwe mpaka jua ikakausha viatu vyangu. Hakurudilia. Najua kazi iko mingi. Mimi mwenyewe nimemufundisha kazi.

Nyabiondo mpaka Kibua

Hii njo sehemu ilitukulia siku mbili. Kwetu Masisi njia inapanda na kushuka, lakini unaonaka mbele: mulima, ngombe, nyumba ya mutu unamujua. Baada ya Kashebere miti inakuja karibu, na huoni kitu isipokuwa ile njia nyekundu na maji ndani yake. Mimi sikuzoea. Mutu kwetu akipotea anaangalia mulima. Pale ungeangalia nini?

Kwenye bariere moja vijana walifunga kamba. Mukubwa wao, mwenye koti ya mvua bila mikono, alisoma plake herufi kwa herufi.

"Papa Bauma ni nani?"

"Ni mimi."

"Unagombea depite?"

"Hapana."

"Uko pasta?"

"Hapana. Mimi ni mutu wa maharagi."

"Na pori ni yako tangu lini?"

"Bado. Naenda kununua."

Akawageukia wenzake. "Jina imekwisha kuandikwa, pori haijanunuliwa. Huyu Papa anabatiza mutoto bibi hajabeba mimba." Walicheka wote, na Dunia alicheka nao, msaliti. Lakini kwa kucheka walilegeza kamba, na hawakutusumbua tena. Nasema kweli: ile siku plake ilitufaa.

Ilitufaa mara ya pili kwenye shimo. Lori ya mutu ilikuwa imezama mule tangu siku tano, dereva na wenzake wanapika makemba, zile ndizi kubwa, chini yake. Pikipiki zinapita pembeni, mahali pembamba, na matope yanameza gurudumu. Kulikuwa pikipiki sita zimesimama. Dereva wa kwanza alitazama muzigo wangu.

"Papa, tuazime hiyo chuma."

Sikutaka. Dunia akaniambia pole pole, "Ao tunaiazima, ao tunakula makemba na hawa mpaka Noeli."

Wakailaza juu ya matope, upande wa maandiko juu, kwa sababu upande ule mwingine unateleza. Pikipiki sita zikapita juu ya jina yangu, moja moja, na kila dereva akiniambia asante. Nilipoiokota ilikuwa na alama za magurudumu, na ile BAUMA ilibaki AUMA. Niliisafisha kwa majani. Hapo Dunia akanitazama akasema kitu cha uungwana, "Papa, inasomeka bado."

Pale Kibua Papa Sadiki alikuwa ananingojea. Dunia akageuza pikipiki. Kelele yake ilisikika muda murefu, kisha ikanyamaza, na mimi nikajua kila mutu anayenijua sasa iko nyuma yangu.

Kuingia pori kwa miguu

Kutoka Kibua tulitembea siku moja na nusu. Papa Sadiki alikuja na wabebaji wawili, wanaume wazima, wakagawana chumvi, sabuni, na maharagi niliyoleta kama zawadi. Plake ikabaki chini. Nikawaonyesha.

"Hii njo utabeba weye," alisema Papa Sadiki. "Sisi tunabebaka vitu vinavyokuliwa."

Basi mimi, mwenye lori mbili, niliibeba kichwani kama mama wa soko. Kila tawi iliigonga, na kila mara inalia kama kengele ya kanisa. Ndege walikimbia, nyani walikimbia. Papa Sadiki alisema angetaka kunionyesha mahali sokwe walilala, lakini kwa hiyo kelele wamekwisha kufika Kisangani.

Katikati ya njia alinipatia shauri moja tu, na nataka mulikumbuke. "Ukifika kwa Mama Veronika, usiseme habari ya shamba. Ungojee yeye aseme. Kula, lala, ngojea."

"Siku ngapi?"

"Mpaka aseme."

Mimi na kungojea hatupatani. Hiyo munajua.

Kwa Mama Veronika

Ni mama mukavu, murefu, nywele nyeupe fupi, na anatembea haraka kuliko mimi. Kanyumba kake ni kadogo, ka majani, na mbele yake kuna uwanja safi, mihogo kidogo, mpunga, mingazi ya mawese. Alitupokea mugeni kwa mugeni, akatupatia maji, wali na makemba na kipande cha kuku. Hakuuliza nimetoka wapi. Plake niliiegemeza kwenye mungazi, aliitazama mara moja kama unavyotazama pikipiki ya mutu mwingine.

Papa Sadiki na wabebaji wakaenda kulala kijijini, mwendo wa saa moja. Mimi nikapatiwa mukeka.

Asubuhi niliamka nikakuta Mama Veronika amekwisha kuteremuka mutoni kwa maji na kufua. Nikazunguka nyumba. Nyuma, mbele ya kufika pori kubwa, kulikuwa kichaka. Miti myembamba imesimama karibu karibu, kamba za pori zimeifunga, majani mpaka kifuani, giza ndani. Yote mengine ni safi, na pale pachafu hivyo. Niliwaza, mama ni muzee, ni mujane, hana nguvu za kufika huku nyuma.

Kwetu, nyinyi wote munajua, mugeni mwanaume akifika kwa mujane haketi kama afisa. Anashika jembe. Njo heshima yetu. Mama yangu aliachwa mujane na watoto sita, na kila mutu aliyekuja na mukono kwenye mpini mama alimukumbuka mpaka kufa; na wale waliokuja na maneno hakuwakumbuka. Nikaona mupanga wake umechomekwa kwenye ukuta. Nikavua shati. Nikafanya salongo, ile kazi ya watu wengi pamoja, peke yangu.

Nilikata kamba, nikakata majani, nikafagia kwa tawi. Na niwaambie, nilikata vizuri, mikono haijasahau. Miti miwili ilikuwa imesimama karibu sana mbele, inazuia mwanga, nikaona nitaondoa mumoja. Ulikuwa na unene wa mupaja. Ulianguka safi, na jua ikaingia mpaka ndani. Nilijisikia kama miaka ishirini na tano.

Mama Veronika alirudi na ndoo kichwani. Akaiteremusha taratibu, hakumwaga tone. Akaja mpaka kwenye ule muti ulioanguka, akakaa juu yake. Akaweka mukono kwenye kisiki, mahali maji ya muti yanatoka.

"Umekata mulango," alisema.

Nikaona pengine ni muzee, anachanganya. Nikasema, "Mama, nimekusafishia tu. Ilikuwa kichaka."

Hakuondoa mukono kwenye kisiki. Tulikaa hivyo, yeye amekaa, mimi nimesimama na mupanga, mpaka Papa Sadiki alipofika. Alisimama kwenye kona ya nyumba, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Yeye njo alinieleza. Kule wanajenga kwa miti ya namna moja ambayo hata ukiikata, ukiisimika tena udongoni, inaweza kushika na kuchipuka. Papa Mateso, bwana wa Mama Veronika, alijenga nyumba pale alipomuoa. Walizaa pale, walizika watoto wawili nyuma yake. Bwana alipokufa, mama alitoka, akajenga kale kanyumba kadogo, akaiacha ile nyumba kwa mvua. Majani ya juu ikaanguka, ukuta ikaanguka, lakini miti ilishika. Miti kumi na mbili. Ile haikuwa kichaka. Ilikuwa nyumba yao, imesimama bado, inaota.

Sasa niliangalia nikaona: pembe ine, mistari ya ukuta, na mbele miti miwili ya mulango. Sasa umebaki mumoja.

"Ulikuja juu ya nini?" Mama Veronika aliniuliza.

Papa Sadiki aliniangalia, ni kama anasema, basi sema tu.

"Nilikuja kununua hii shamba, Mama, ili pori isikatwe."

"Isikatwe."

"Ndiyo."

"Na njo umeanza hivi."

Nyinyi munanijua, nina jibu kwa kila kitu, hata kwa watu wa taxe, wale wa kodi. Pale nilirudisha mupanga kwenye ukuta.

Siku kumi na moja

Nilitaka kuondoka ile siku. Mama Veronika alikataa. Alinionyesha mahali pa kukata ule muti, urefu wa mutu na mukono juu, akaniambia nichimbe shimo palepale, kando ya kisiki, kwa mikono, bila jembe. Nikasimamisha, nikashindilia udongo kwa kisigino, akaja akautikisa, akasema haujasimama, nikaanza tena. Mara tatu.

"Utashika?" nilimuuliza.

"Ingine inashika. Ingine inaoza. Utaona."

Basi nilibaki. Asubuhi naangalia ule muti, hakuna kitu. Nalima mpunga pamoja naye, hakuna maneno mengi. Mvua inaanguka mchana, tunakaa chini ya majani, yeye anapepeta, mimi naangalia njia ambayo hakuna mutu anapita. Nimeishi na watu wengi waliosema sana nikabaki peke yangu. Na huyu mama hakusema, tukawa watu wawili walio peke yao, kila mutu upande wake wa moto. Sijui kuandika vizuri hiyo.

Siku ya tano aliniuliza habari ya nyumba yangu. Nikaona saa yangu imefika. Nikamueleza simenti, manjanja ya bluu juu ya paa, milango ya chuma, vyumba nane.

"Vyumba nane," alisema. "Ndani yake nani analala?"

"Mimi."

"Na ingine saba?"

"Maharagi."

Alitikisa kichwa kama mutu aliyeambiwa bei ya chumvi. Kisha akauliza, "Simenti, mukiiacha, inaota?"

"Hapana, Mama. Haioti."

Siku ya saba alinyosha kidole kwa plake. "Soma."

Nikasoma. Nilijaribu kusoma haraka.

"Papa Bauma ni weye?"

"Ni mimi."

"Hii pori uliipanda lini?"

Papa Sadiki alikuwa amekuja na mawese ile siku. Aliinuka akaenda kuangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Siku ya kumi na moja muti ulikuwa bado ni fimbo. Ganda ilikuwa kijani kidogo ukikwaruza kwa kucha, lakini hakuna jicho, hakuna jani. Nami maharagi huku Bihambwe ilikuwa imefika ya kuvuna, lazima nirudi. Asubuhi hiyo alimuita Papa Sadiki, akatuketisha wote wawili mbele ya ile nyumba ya miti, akasema habari ya shamba. Kwa mara ya kwanza.

"Siuzi. Si kwa ofisi, si kwa Papa Bauma. Niko natoa, kwa pori, kwa jina ya Mateso. Lakini nikisema peke yangu, wapwa watasema mbele ya mwami, chifu wetu, kwamba hapa ni kichaka tu, hapajakuwa nyumba, hapana mwenyewe, basi ni ya ukoo. Wewe Sadiki uko na komite, watasema unajitafutia. Nataka shahidi asiye ndugu na asiye ofisi."

Akageukia mimi. "Kwetu, mutu aliyesimika muti kwenye uwanja wako, ule muti ukishika, anaweza kusimama kwa mwami na kusema ya ule uwanja. Usiposhika, hana kitu cha kusema. Muti wako ukishika, utakuja. Utasema mulango ulikuwa hapa. Weye unajua vizuri ulikuwa wapi. Njo weye uliukata."

"Na usiposhika?"

"Basi wapwa watakuja na misumeno. Na weye utakaa kwako na maharagi."

Nikamuambia Mama, naweza kuja hata usiposhika, nitasema tu, nani atajua. Alinitazama kwa mara ya kwanza kwa huruma.

"Mwami atakuja kuangalia muti," alisema. "Hatakuja kuangalia weye."

Kurudi

Plake niliiacha. Musifikiri ni roho nzuri, nilichoka kuibeba. Nilipokuwa nafunga mufuko wangu Mama Veronika aliigonga kwa kidole, akasikiliza, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye jua, akailaza chini upande wa maandiko juu, kwa sababu upande ule mwingine umeanza kutu. Akamwaga mpunga, akautandaza kwa mukono mpaka pembeni. PORI ikafunikwa kwanza, mimi wa mwisho.

Dunia alikuja kunichukua Kibua, na njia ya kurudi ilikuwa fupi, kwa sababu hakukuwa na upepo wa kutuvuta. Ile lori ilikuwa bado ndani ya shimo, wanapika makemba. Pale Nyabiondo mama mupishi aliangalia kiti cha pili.

"Mwenzako?"

"Amepata kazi."

Lushebere nilimuomba Dunia asimame. Sikujua natafuta nini. Yule mama wa mbele ya mustari alikuwa karibu na njia anachambua majani, mutoto bado mugongoni. Alinitambua.

"Papa wa jina. Plake iko wapi?"

"Inakausha mpunga ya mama mumoja."

Aliwaza. "Basi sasa iko na faida," alisema, akasogeza chungu chake, nami nikaketi kidogo pale na wengine mpaka Dunia alipopiga honi.

Nyumbani nilifungua chumba kimoja kimoja. Maharagi ilikuwa vizuri.

Sasa ya mwisho, kwa sababu Papa Kalinda ataniuliza. Wiki iliyopita Dunia alisimama hapa mulangoni na kifurushi kilichopitishwa mukono kwa mukono kutoka Kibua. Mufuko mudogo wa mchele, na juu yake jani la mugomba limefungwa kwa uzi. Hakuna barua, Mama Veronika haandikaka, na Papa Sadiki anaandikaka tu akiwa na shida. Nilifungua lile jani juu ya meza. Ndani kulikuwa majani mawili madogo, ya ule muti niliousimika, yameanza kukauka, si makubwa kushinda sikio ya panya.

Mchele niliupika mwenyewe. Nilipouchagua nilikuta vipande vya rangi nyeupe, vidogo sana, vya herufi. Niliviweka pembeni ya sahani, nikavitazama, nikala.

Basi mukifika hapa mukakuta baraza imefungwa, musiulize tena habari ya plake. Maharagi muulize Dunia, nimemuachia ufunguo. Mimi nitakuwa nimesimama mbele ya mwami na wapwa, bila muzigo wowote, nashika ule muti kwa mukono, nasema: mulango ulikuwa hapa.